Mashine ya Kwanza ya Kujaza Risasi Upya
Ndugu, umeuliza kama wewe, mlenga shabaha mgeni huko Marekani mwenye rivolva ya .38 Special (aina ya risasi za bastola), unayetaka kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika, ununue moja kwa moja mashine ya hatua nyingi, ifanyayo kazi kadhaa kwa kila mvuto wa mkono wake, kama zile za kampuni ya Dillon. Ningekushauri uanze na ya hatua moja, mfano RCBS Rock Chucker, kwa kuwa kila uvutapo mkono wake kazi moja tu hufanyika, nawe hupata nafasi ya kumulika ndani ya kila ganda kabla ya kupachika kichwa cha risasi. Ganda la .38 ni kubwa kuliko baruti inayohitajika, hivyo kipimo cha baruti kikiingia mara mbili hakifuriki ukakiona, na ukifyatua silaha yaweza kupasuka mkononi. Mashine ya hatua moja ni ya polepole, nakubali. Fedha itakayobaki nunulia mizani nzuri na kitabu cha vipimo vya baruti.