Ukikuta ajabu mtandaoni, ifuate hadi kwao

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya vichekesho na maajabu ya intaneti, hasa jioni nikishatoka kazini hapa Kampala. Kwa yeyote anayependa mambo haya nina ushauri mmoja: usiisambaze ajabu kabla ya kuifuata hadi ilikotoka, kwa sababu mara nyingi asili yake inafurahisha kuliko maelezo iliyokuja nayo.

Hilo nilifundishwa na video ya Kayabwe. Wanaosafiri kwenda Masaka wanapajua mahali ikweta inapokatiza barabara, kwenye zile pete kubwa nyeupe ambazo kila mgeni hupigia picha. Hapo mwonyeshaji humimina maji katika beseni lenye tundu, akaweka ua dogo lielee juu yake: upande wa kaskazini ua linazunguka hivi, upande wa kusini linazunguka vile, na juu ya mstari wenyewe maji yanashuka moja kwa moja. Niliituma video hiyo kwenye kundi la familia pamoja na maelezo marefu, yaliyojaa uhakika, kuhusu mzunguko wa dunia. Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akaniuliza: "Mjomba, hatua chache tu zinatosha kuyageuza maji?" Sikuwa na jibu, na niliona haya kwamba nilikuwa nimewafundisha watoto jambo nisilolichunguza.

Nilipolichunguza nilikuta kwamba nguvu inayotajwa, ile ya Coriolis inayotokana na mzunguko wa dunia, ipo kweli, na ndiyo inayozizungusha tufani kubwa za baharini. Lakini kwenye ikweta inafifia kabisa, na ndiyo maana tufani hizo hazizaliwi karibu na mstari huo. Katika beseni, kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa na umbo la chombo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alitaka kuiona nguvu hiyo ndani ya chombo cha maji. Ilimbidi atumie tangi la duara lenye upana wa karibu mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kuzibua tundu dogo chini yake, na hata hivyo mzunguko haukuonekana hadi maji yalipokuwa yametoka kwa dakika kadhaa. Subira ya mtu huyo ilinivutia kuliko video yenyewe. Watoto wanaweza kujaribu nyumbani: wakoroge maji kulia, kisha kushoto, wazibue, na waone.

Wakati mwingine kinyume chake hutokea. Picha ya papa anayeogelea katika barabara iliyofurika ilisambaa mwaka 2011 kutoka Puerto Rico, ikarudi tena mwaka 2017 mafuriko yalipoikumba Houston. Ni ya kughushi. Lakini papa mwenyewe ni wa kweli, kwani alikatwa kutoka picha ya mpigapicha Thomas Peschak iliyopigwa Afrika Kusini mwaka 2003, ambamo anaufuata mtumbwi mdogo uliobeba mtu mmoja. Anayeishia kusema "ni uongo" anaikosa picha hiyo, nayo ndiyo yenye kusisimua.

Kwa picha, basi, tumia utafutaji wa kinyume, ule wa kupakia picha na kuuliza imewahi kuonekana wapi, kisha utafute nakala ya zamani kuliko zote. Kwa video, anza kusoma maandishi kabla ya kuitazama, maana bando letu lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 na maandishi hayali data nyingi. Ukurasa ukiupenda, uhifadhi katika Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, siku hiyo hiyo, kwa kuwa kurasa hufa bila kuaga. Na unapotuma, andika mahali na mwaka. Ni maneno mawili tu, lakini humsaidia atakayeipokea mara ya kumi.

Likizo iliyopita nilisimama Kayabwe na mpwa wangu. Tulimlipa mwonyeshaji, tukamshukuru kwa ustadi wake, na maji yalipoanza kushuka mimi nilitazama ua. Kijana alitazama mkono uliokuwa ukimimina.