Swali la msomaji: Namba 4294967297 ina vigawo gani?

SWALI: Kwako Mhariri, binti yangu aliye kidato cha tatu ameniletea dukani, hapa Marikiti, namba 4294967297, akaniambia kwamba hapo kale ilidhaniwa kuwa tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kisha ikabainika kuwa sivyo. Kikokotoo changu kina nafasi za tarakimu nane tu, na namba hii ina kumi. Je, jambo hili laweza kuthibitishwa kwa kalamu na karatasi? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Laweza, ndugu msomaji, na uzuri wake ni kwamba hutahitaji hata kugawanya. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza moja. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537, zinazopatikana kwa kuongeza moja kwenye 2 iliyopandishwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, zote ni tasa, akaamini kwamba zinazofuata nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kwamba hii ya binti yako, ndiyo ya sita, hugawanyika kwa 641.

Anayetafuta kigawo bila mwongozo huenda akalazimika kujaribu namba tasa zote zilizo chini ya 65536, nazo ni 6542. Lakini Euler alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, huacha baki ya moja. Kwa hiyo hujaribiwa 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe.

Sasa chukua karatasi, na katika kila hatua uangalie baki ya kugawanya kwa 641 peke yake. 2 kwa kipeo cha 7 ni 128. Zidisha kwa 5 upate 640, ambayo ni 641 kasoro moja, kwa hiyo tuihesabu kuwa hasi moja. Ipandishe kipeo cha 4: hasi moja inakuwa moja, maana yake 625 mara 2 kwa kipeo cha 28 huacha baki ya moja. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa kuwa 625 nayo ni 641 kasoro 16, na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Weka hasi 16 mahali pa 625, utaona kwamba hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 huacha baki ya moja. Basi 2 kwa kipeo cha 32 ni sawa na hasi moja, na ukiiongezea moja hubaki sifuri.

Kigawo cha pili ni 6700417, nacho ni tasa, kwa hiyo hakuna vingine vya kutafuta. Kikokotoo chako pia kitafaa: 641 mara 67 ni 42947, iongezee sifuri tano kwa mkono; 641 mara 417 ni 267297; kisha mwachie binti yako ajumlishe.