Kabla ya kununua kibao cha kale, kagua kwanza karatasi zake

Kibao changu cha udongo kinaenea kiganjani. Nilikinunua London, kwenye soko la vitu vya kale, kwa pauni 180, kwa sababu nimeupenda mwandiko wa kikabari, ule wa alama zenye umbo la kabari uliotumika Iraki ya kale, tangu ujana wangu. Muuzaji alinipa barua ya mistari mitatu: kimetoka kwa familia moja iliyokuwa nacho tangu miaka ya 1960. Jina la familia halikuwamo, nami sikuuliza.

Mama mmoja anayeusoma mwandiko huo alikigeuza mara moja tu, akanionyesha mshono mwembamba ukingoni. Kimetolewa kwenye kalibu, yaani ni cha bandia. Kisha akanipa lenzi. Karani wa kale alibonyeza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, kwa hiyo kila alama huwa na kona kali. Zangu zilikuwa butu, zimejaa vitundu vya mapovu ya hewa.

Niliumia sana. Lakini ndugu zangu, kama kingekuwa halisi huenda ningeumia zaidi. Kumbukeni kibao cha ndoto ya Gilgamesh, chenye sehemu ya utenzi wa kale wa Iraki kuhusu mfalme wa jina hilo. Ni halisi kabisa, ila barua yake ilikuwa ya uongo: ilidai kilinunuliwa mwaka 1981 kwenye mnada huko San Francisco, ndani ya sanduku la vipande vya shaba nyeusi. Hobby Lobby, kampuni ya Marekani ya maduka ya vifaa vya sanaa na kazi za mikono, ilikinunua mwaka 2014 kwa dola 1,674,000. Serikali ya Marekani ikakikamata mwaka 2019, na mwaka 2021 kikarudishwa Iraki. Mnunuzi alibaki mikono mitupu, na wasomi wakabaki bila kujua kilifukuliwa wapi, karibu na nini. Hilo la pili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa shimo likishachimbwa na wezi, habari zake hazirudi.

Kwa hiyo siku hizi naanza na karatasi. Nani alikuwa nacho, na kilitoka nchini mwaka gani? Kwa vitu vya Iraki, tarehe ya kukariri ni 6 Agosti 1990: azimio 1483 la Umoja wa Mataifa linakataza biashara ya vilivyoondolewa huko kinyume cha sheria tangu siku hiyo. Barua ikitaja mnada, itafute katalogi yake na upige simu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimwuliza muuzaji mwingine hayo kuhusu kipande cha tofali chenye mhuri wa Nebukadneza, mfalme wa kale wa Babeli. Hakunijibu. Alikifunga tena kwenye gazeti, akakirudisha chini ya meza.