Kabla Hujatupa Plagi za Zamani, Zisome

Miezi michache baada ya kununua Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, gari lilianza kumisi asubuhi. Lilikuwa likiwaka huku linatetemeka, likikosa nguvu kwenye kilima cha kutokea nyumbani, kisha likishapata moto linatulia kidogo. Fundi wa kwanza niliyempelekea alichomoa waya mmoja wa plagi, kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, akaukuta umelowa oili, na pale pale akasema ringi, yaani pete za pistoni zinazozuia oili isipande, zimekwisha na injini ifunguliwe. Alifunga plagi mpya nne ili gari litembee kwa muda, akazitupa za zamani kwenye debe la takataka, akaniandikia orodha ya vifaa: ringi, beringi na seti nzima ya gasketi. Nikaanza kutafuta mahali pa kukopa.

Baada ya wiki tatu gari lilirudia ugonjwa wake, na safari hii nililipeleka kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe. Yeye aliacha injini ipoe, akapuliza vumbi kwenye mashimo ya plagi, akazichomoa moja moja na kuzilaza juu ya kipande cha boksi kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza ikiwa upande wa mkanda. Kisha akaniita. "Mwalimu, njoo utazame hii ya tatu. Juu imelowa, lakini huku chini kukavu." Ilikuwa kweli. Kauri ya nje, ile inayovikwa kofia ya waya, ilikuwa inang'aa kwa oili, lakini pua ya ndani inayokaa kwenye moto ilikuwa kavu, yenye rangi ya kahawia iliyofifia kama biskuti. Kama ringi zingekuwa zimekwisha, oili ingepanda kutoka chini na kuiloweka pua. Hii ilikuwa inashuka kutoka juu, kwa sababu mpira unaoziba shimo la plagi kwenye tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama kifuu, na oili iliyojaa shimoni ilikuwa inaharibu kofia ya waya hadi umeme unatoroka kabla ya kufika kwenye ncha. Tulibadilisha mipira yote minne na waya, na injini ile haijafunguliwa mpaka leo.

Tangu siku hiyo sikubali plagi itupwe kabla sijaiona. Ushauri wangu kwa mwenye gari au pikipiki ya petroli ni huo huo: mwambie fundi akupe plagi za zamani, zikiwa zimeandikwa namba za silinda zake, hata kama hujui kuzisoma vizuri. Plagi nne zilizochanganywa kwenye mfuko wa plastiki zimepoteza zaidi ya nusu ya habari zake.

Jambo la kwanza la kutazama ni kama zinafanana. Zote zikiwa na kasoro moja, tafuta chanzo kinachozihusu silinda zote. Moja ikitofautiana na wenzake, tafuta ndani ya silinda hiyo, au kwenye waya, koili inayozalisha umeme wa cheche na nozeli inayonyunyiza petroli yake. Plagi yenye afya huwa na pua ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu, na ncha zake huwa na kingo zilizo wazi.

Masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole kama ya sufuria ya kuni, yanaonyesha kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu, au plagi haipati joto la kutosha. Plagi hujisafisha yenyewe pua yake inapofika nyuzi joto 450 hadi 500 za Selsiasi; chini ya hapo masizi hubaki. Yakiwa kwenye plagi zote, anza na kichujio cha hewa, hasa kama unapita barabara za vumbi, kisha uliza kuhusu themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate moto. Jambo hili linanisikitisha sana, kwa sababu mafundi wengi wa kwetu huitoa themostati wakiamini kwamba nchi yenye joto haiihitaji. Ikiondolewa, maji huzunguka bila kizuizi, injini huchelewa kupata moto, na kompyuta ya gari, ikidhani bado ni asubuhi, huendelea kuongeza petroli. Mwenye gari huja kulalamika kwamba linakunywa mafuta, anauziwa plagi mpya, na baada ya mwezi nazo ni nyeusi.

Weusi unaong'aa na kuteleza ni oili. Ukiwa kwenye pua, ndipo ringi au sili za vali zinaposhukiwa kwa haki, lakini hata hapo usikubali injini ifunguliwe kabla ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda ikisoma chini, fundi amimine kijiko cha oili kupitia shimo la plagi na kupima tena: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kisipopanda, tazama vali au gasketi ya silinda hedi. Kazi hiyo haichukui saa nzima. Plagi iliyolowa petroli tupu, ambayo harufu yake inatambulika mara moja, inakuambia kwamba mafuta yanafika lakini hayawaki. Hamishia waya au koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine uone kama ugonjwa unahama nayo.

Usafi nao unaweza kuwa dalili mbaya. Jamaa yangu alipandisha mlima Kitonga akielekea Iringa, gari likachemka, akaongeza maji na kuendelea. Alipoleta gari, plagi tatu zilikuwa za kahawia na ya nne ilikuwa nyeupe safi kama iliyooshwa. Na kweli ilikuwa imeoshwa, kwa mvuke wa maji ya rejeta yaliyokuwa yanaingia ndani ya silinda kupitia gasketi iliyoungua. Kila asubuhi alikuwa anaongeza maji kidogo bila kuona tone chini ya gari.

Weupe wa namna nyingine, wenye malengelenge kwenye kauri na ncha zilizoanza kuyeyuka, ni wa joto kali. Kwenye bodaboda nimeuona zaidi pale mpira unaounganisha kabureta na injini unapopasuka, ukavuta hewa ya ziada, au jeti, kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta, inapoziba kwa uchafu. Ukiona pia vitone vidogo vya fedha vimerukia kwenye kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Usiendeshe tena chombo hicho mpaka chanzo kipatikane.

Kuna alama moja inayowatisha watu bure, nayo ni duara la rangi ya kahawia kwenye kauri ya nje, pale inapokutana na chuma. Wengi hudhani moto unavuja. Ni chembe za oili na vumbi zinazovutwa na umeme mkali, na haina madhara.

Ili usomaji uwe wa kweli, usiiache injini ikinguruma gari likiwa limesimama kwa dakika nyingi kabla ya kuchomoa plagi, kwa kuwa hata injini isiyo na kasoro itaziweka nyeusi. Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, zima, subiri ipoe kabisa kwa sababu nyuzi za kufungia plagi kwenye hedi ya aluminiamu huharibika zikifunguliwa zikiwa na moto, ndipo utoe. Hakikisha pia plagi yenyewe ndiyo inayopendekezwa kwa injini hiyo. Namba za joto, zinazoonyesha jinsi plagi inavyotunza au kupoteza joto, hazisomwi kwa namna moja: kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, ilhali kwa Bosch namba kubwa ni ya moto zaidi, na aliyebadilisha kampuni kwa kukisia namba anaweza kupata weupe au weusi ambao si kosa la injini.

Usizisugue plagi za iridiamu kwa msasa wala brashi ya waya, maana ncha yake ni nyembamba sana na hukatika. Wakati wa kurudisha, anza kwa vidole mpaka plagi ikae. Kama ni mpya na ina washa (pete ya chuma ya kuzibia), ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana, kisha acha. Zile ulizotoa, zifunge kwa karatasi, andika namba ya silinda na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, na uziweke ndani ya gari, ili fundi atakayefuata awe na cha kulinganisha.