Jibu: Injini ya rota isiyokula oili sana
Waalaykumu salaam sheikh. Umeuliza kama kuna injini ya rota, yaani yenye kipande kinachozunguka badala ya pistoni, isiyomaliza oili kama Wankel, ile ya rota inayojulikana zaidi. Itazame ile injini iitwayo X ya kampuni ya LiquidPiston, Marekani. Wameipindua kabisa! Wankel rota yake ina pembe tatu na sili, vile vizibo vya kuzuia gesi isivuje, zimo kwenye ncha, zinakimbia nayo, ndiyo maana oili inachomwa pamoja na mafuta. Hii X rota yake ni duara dufu, nyumba inamozunguka ndiyo yenye pembe tatu. Sili zimetulia ukutani, kwa hiyo oili unaitia pale pale zilipo. Mimi hapa Mkoani, Pemba, nafungua mashine za boti, ringi ya pistoni iliyolika naijua kwa kidole, ukingo wake unakata. Wazo hili nalipenda mno. Ila kwa boti yako ya Wete, bakia na pistoni, spea zake zipo.