Kianikio cha nguo kimeng'oka na lipu yake: tukitengenezeje upya?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nakaa ghorofa ya tatu hapa Tabata, Dar es Salaam. Kamba za kuanikia ziko chini uani na wapangaji wote tunazigombea. Mvua zikianza, sare za watoto hazikauki. Nilimpa kazi fundi wa mtaani, akanitengenezea kianikio cha mbao cha kukunja na kukifunga kwenye ukuta wa kibaraza cha nyuma. Ukutani kuna ubao mmoja wa inchi nne ulioshikwa na skrubu tatu, na kwenye ubao huohuo ndipo ilipofungwa fremu ya mninga inayotoka nje kama nusu mita. Jumapili moja nilikijaza mashati, suruali na mataulo. Usiku kikang'oka chote pamoja na vipande vya lipu. Fundi anasema mninga ni mzito mno. Kaka yangu anasema skrubu zilikuwa nyembamba. Tena mashati meupe yalikuwa yameshaanza kupata mistari ya hudhurungi. Nina drili na msumeno, na mwanangu wa kidato cha tatu anapenda kazi za mikono. Tukitaka kukitengeneza wenyewe, tuanzie wapi?

JIBU

Dada yangu, pole kwa hasara, na afadhali kilianguka usiku wakati hakuna mtoto chini yake. Fundi na kaka yako wote wana hoja, ila kianikio hakikuanguka kwa sababu ya mninga wala skrubu. Kimeangushwa na ule ubao mmoja wa inchi nne. Hata ungeweka mbao nyepesi kuliko zote na skrubu nene kuliko zote, bado ungekuwa unakaribisha ajali ileile.

Tupige hesabu. Nguo zilizokamuliwa kwa mikono hubaki na maji yanayokaribia uzito wa nguo zenyewe, kwa hiyo jinzi moja ya mtu mzima inaweza kufika kilo moja na nusu. Kianikio kilichojaa vizuri kitabeba kama kilo 12. Fremu yako ikitoka nje sentimita 50, uzito huo unakaa wastani wa sentimita 25 kutoka ukutani. Sasa tazama ubao wako: una upana wa sentimita 10, skrubu zimepigwa katikati, yaani sentimita 5 tu juu ya ukingo wake wa chini. Ukingo huo ndio unaobana ukuta, na skrubu ndizo zinazovutwa nje, sawa na msumari unaong'olewa kwa nyundo ya kucha. Kilo 12 mara sentimita 25, gawanya kwa 5: unapata mvuto wa kilo 60 kwenye skrubu tatu. Na hapo hakuna aliyeegemea.

Ukitumia fremu ya nyuma yenye kimo cha sentimita 60, skrubu za juu zikakaa sentimita 55 kutoka ukingo wa chini, nguo zilezile zitazivuta kwa kilo tano na nusu tu. Hujanunua skrubu ghali wala hujabadili ukuta. Umeongeza kimo cha kushikia, basi.

Kwa hiyo kianikio chenu kipya kiwe na fremu mbili. Ya kwanza inakaa ukutani moja kwa moja: mbao mbili za inchi moja kwa nne zilizolala, kila moja sentimita 90, moja juu na moja chini, zikiunganishwa na nguzo mbili za pembeni, jumla kimo sentimita 60. Ya pili ndiyo inayofunguka: mikono miwili ya inchi moja kwa tatu yenye urefu wa sentimita 60, ubao mmoja wa chini wa kuiunganisha, na vijiti sita vya kuanikia. Fremu hizi mbili zinashikana kwa bawaba chini, na juu kuna mnyororo kila upande unaoizuia ya pili isianguke. Mnyororo ukiwa na sentimita 57 kutoka kona ya juu ya fremu ya nyuma hadi ncha ya mkono, ncha itasimama sentimita 50 kutoka ukutani na kama 33 juu ya bawaba. Mteremko huo una faida yake: vijiti vinapanda ngazi kwa ngazi, nguo haziminyani, hewa inapita.

Sentimita 90 sikuziokota tu. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu. Ukiikunja mara moja inakuwa 75, inakaa kwenye kijiti bila kujikunyata pembeni. Mataulo na mashati nayo yanaenea. Vijiti vipishane sentimita 9 kutoka kati hadi kati. Najua utatamani kuongeza viwili zaidi upate nafasi. Usiongeze. Nguo zikigusana hazikauki, na nguo iliyokaa na unyevu hadi kesho yake ndiyo ile inayotoa harufu hata baada ya kupigwa pasi.

Kwa vijiti, nunueni mipini ya mafagio ya mbao, ile mitupu isiyo na rangi wala ganda la plastiki, yenye unene wa milimita 22 hivi. Au nendeni kwa wakerezaji Keko, watawakerezea. Msikubali vijiti vyembamba vya milimita 12 kwa sababu vinapendeza. Ugumu wa kijiti cha duara unafuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo kile cha milimita 12 kinapinda zaidi ya mara 11 kuliko cha 22 kwa mzigo uleule. Kitaanza kulegea katikati na mashati yote yatakusanyika hapo.

Mbao za fremu: paini kavu inatosha kabisa. Nyingi sokoni hutoka Mufindi, ni nyepesi na zinakubali msumeno wa mkono. Chagueni zisizo na vifundo vinavyotoa utomvu, na muwe makini na zile zenye rangi ya kijani. Zile zimetiwa dawa ya mchwa kwa ajili ya mapaa, na dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Hazifai kugusa nguo za watoto zenye maji, wala vumbi lake halifai kuvutwa puani. Halafu mbao nyingi zinauzwa zikiwa bado mbichi ndani. Zipangeni ndani ya nyumba juu ya vipande vidogo ili hewa ipite chini na katikati, mziache wiki tatu hivi kabla ya kuzikata. Ukitoboa matundu kwenye mbao mbichi, ikikauka itajipinda na vijiti vitacheza.

Mninga si mbao mbaya, ni miongoni mwa mbao bora tulizonazo. Ila una utomvu mwekundu unaotia rangi, na mbao zote zenye rangi nzito huweza kuachia rangi zikilowa mara kwa mara bila kinga. Hapa tunafika kwenye mashati yako. Tazama doa lenyewe: mstari mrefu unaofuata kijiti chote umetoka kwenye mbao. Nukta au alama ndogo pembeni, karibu na bawaba, skrubu au mnyororo, ni kutu. Kwa ulivyoeleza, yako ni ya mbao. Kama utakuta na za kutu, paka ndimu na chumvi, anika juani, kisha fua. Usitumie dawa ya kung'arisha yenye klorini, maana inalishikilia doa la kutu badala ya kulitoa. Na kwa kuwa Dar es Salaam chuma kinaliwa haraka na hewa ya bahari, nunueni bawaba za shaba nyeupe au stenlesi, na skrubu za stenlesi. Hapa ndipo pa kutoa pesa. Mbao zenyewe ni rahisi.

Kazi ambayo mwanao ataifurahia ni kutoboa mikono miwili. Ilazeni mmoja juu ya mwingine, mzibane kwa klempu zisisogee, mchore mstari katikati na kuweka alama sita. Toboeni zote mbili kwa pamoja, kwa biti bapa ya milimita 22. Mkitoboa mmoja mmoja, matundu yatapishana kidogo na vijiti vitakaa mshazari. Biti inaposhuka, mwambie asiisukume hadi itokee upande wa pili. Asimame mara tu kidole cha katikati cha biti kinapochungulia chini, ageuze mbao, amalizie kutoka upande ule. Tundu litatoka safi pande zote mbili. Akisukuma moja kwa moja, mbao ya chini itachanika kingo zake, na hizo nyuzi ndizo zitakazokwaruza nguo.

Vijiti msivigundishe. Viingizeni, kisha kila mwisho upigwe skrubu ndogo kutoka ukingoni mwa mkono, baada ya kutoboa njia yake. Kijiti kikivunjika mwaka kesho, mtakibadilisha bila kubomoa fremu.

Sasa ukuta, na hapa nakuomba usifanye haraka. Nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji zilizopigwa lipu, na lipu ina unene wa kama sentimita mbili. Lipu haibebi kitu. Plagi za plastiki, zile mafundi wengi wanaziita fisha, zikiishia ndani ya lipu, mzigo wote unaning'inia kwenye ganda, ndiyo maana kianikio chako kiling'oka na vipande vya lipu. Tumia plagi za milimita 10 zenye urefu wa sentimita 5, na skrubu za milimita 6 zenye urefu wa sentimita 9. Toboa sentimita 8 kutoka uso wa lipu, pulizia vumbi lote litoke, kisha isukume plagi hadi ipite lipu na kukaa ndani ya tofali lenyewe. Hesabu yake: mbao sentimita mbili na ushee, lipu mbili, inabaki karibu tano ndani ya tofali. Piga tatu kwenye ubao wa juu, mbili kwenye ubao wa chini.

Usitoboe wima au mlalo unaofuatana na swichi, soketi au bomba, kwa sababu nyaya na mabomba hufuata mistari hiyo. Wala usirudie matundu ya zamani. Sogea angalau sentimita 10, ziba yale kwa saruji. Ukisikia biti inazama ghafla, umeingia kwenye maungio ya tofali au uwazi, hamisha tundu. Tofali ikiwa laini, vumbi linamwagika kama mchanga mkavu na tundu linapanuka lenyewe, zima mtikisiko wa nyundo kwenye drili utoboe kwa mzunguko tu. Kama plagi bado inazunguka ndani, usijaribu kuijaza vijiti vya kiberiti. Toboa ukuta ule mpaka upande wa pili, pitisha bolti yenye uzi mrefu, na nyuma weka kipande cha bati nene au washa pana (pete bapa ya chuma). Ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Kimo cha kufungia: bawaba ziwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni. Kijiti cha juu kitakuwa karibu 178, unakifikia bila stuli, na suruali iliyokunjwa katikati haitagusa chini. Tumia pimamaji kabla ya kukaza skrubu ya pili.

Kabla ya kuanika hata soksi, kijaribuni. Chukueni ndoo mbili za lita 10 zilizojaa maji, mzining'inize kwa kamba kwenye mikono ya pembeni, katikati ya urefu wake, moja kila upande, siyo kwenye kijiti. Hizo ni kilo 20, zaidi ya nguo zako. Ziacheni usiku kucha, mkiwa mmezungushia eneo lile kitu ili asipite mtu. Asubuhi tazameni ubao wa juu. Ukiona mwanya kati yake na ukuta ambao jana haukuwepo, hata wa unene wa kadi, shusheni mrudie plagi hizo.

Mbao zipigwe msasa hadi kiganja kisikwame popote, kisha vanishi ya nje ya mafuta mara tatu, mkono wa kwanza uwe mwepesi, na msasa laini kati ya mkono na mkono. Msisahau ncha za vijiti na ndani ya matundu, maana maji huingilia hapo. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi au ya kupikia. Msipake: hayakauki, yanaingia kwenye nguo na baada ya muda yananuka. Vanishi ikionekana kavu haijawa ngumu bado; subirini wiki mbili, vinginevyo nguo zenye maji zitanata na kuondoka nayo.

Jambo la mwisho ni hewa. Nguo zako zenye kilo 12 zikiwa mbichi zitakuwa na kilo 6 zikikauka, yaani lita 6 za maji zinaingia kwenye hewa ya kibaraza. Wakati wa masika hewa yenyewe ya Dar es Salaam imeshalowa, kwa hiyo bila upepo maji hayo yatarudi ukutani kama ukungu mweusi. Acheni dirisha la kibaraza na mlango wa upande wa pili wazi, na siku isiyo na upepo elekezeni feni kwenye nguo kwa kasi ndogo, ipite katikati ya vijiti. Kila mwanzo wa masika na vuli kazeni skrubu, na vanishi ikianza kuchunika kwenye vijiti pigeni msasa mpake tena kabla maji hayajaingia ndani ya mbao.