Jioni mashine ya barafu yagoma

SWALI: Fundi, shikamoo. Nagandisha barafu ya wavuvi hapa Shela, Malindi. Jioni mota yanguruma tu, haizunguki. Mita yasoma volti 360 badala ya 415. Nifunge kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme?

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza izime upesi, koili, nyaya zilizosokotwa ndani ya mota, zisiungue! Kwa volti hizo nguvu ya kuanzia hubaki robo tatu hivi. Mota hutaka pia umeme wa kujenga usumaku, unaokwenda na kurudi wayani bila kufanya kazi. Kapasita kando ya mota huutoa papo hapo, waya ukapumua, volti zikapanda. Lakini kidogo tu: ikiwa waya kutoka transfoma ni mrefu na mwembamba, dai waya mnene. Na kapasita izimwe pamoja na mota, isije ikapandisha volti usiku majirani wamelala.